Ukuta Usiopimwa

Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwenye kitambulisho, na nje ya hapo hakuna aliyelitumia. Hata mkewe akikasirika alimwita Timazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma nchani, ambao waashi huuning'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima au umeinama. Ni kifaa cha mtu asiyeamini macho yake. Yeye alipewa jina hilo kwa sababu macho yake yaliaminika kuliko kifaa chenyewe.

Alilipata akiwa na miaka ishirini na minne, kibarua wa kubeba matofali. Siku hiyo alipita nyuma ya fundi aliyekuwa akijenga chumba cha pembeni, akasimama na matofali yake begani, akasema bila kuulizwa, "Huo umeinama. Nusu kidole, upande wa dirisha."

Fundi akamwambia afunge domo lake abebe mzigo. Lakini mzee mwenye kazi alikuwa karibu, akatoa uzi wake mfukoni, akauning'iniza. Ilikuwa nusu kidole, upande wa dirisha.

"Huyu kijana hahitaji timazi," mzee alisema, akiukunja uzi. "Ameimeza."

Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini ndani kulikuwa na kitu kingine. Baba yake, mshona viatu, alikuwa mtu wa kuamini kwamba mtoto husifiwa akishazikwa. Katika nyumba ile ukifanya vizuri ulinyamaziwa, ukikosea ulisikia. Kijana alikuwa ameishi miaka ishirini na minne bila kuambiwa kwamba kuna jambo lolote analiweza. Jioni ile alirudi nyumbani kwa njia ndefu, apate muda wa kukaa na yale maneno peke yake.

Na yalimfaa. Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kufika kazini. Pombe aliiacha bila kuapa wala kutangaza. Alijifunza kusoma ramani za majengo kwa kuwachungulia mafundi mabegani, akanunua mwiko wake mwenyewe, akawa anausugua kila jioni mpaka unang'aa kama kijiko. Neno moja la mzee asiyemfahamu lilifanya kazi ambayo mkanda wa baba yake haukuiweza. Wanaosema sifa haina maana mara nyingi ni watu walioshiba nayo tangu utotoni.

Alikuwa fundi mzuri kweli. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu habari hii si ya mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka. Kuta zake zilisimama. Kila zilipopimwa, zilisimama, na kila zilipopimwa, watu walimsifu, naye akarudi nyumbani kwa njia ndefu. Miaka ikaenda. Njia ya kawaida ikawa inamwonekea fupi mno, na siku asiposifiwa alikuwa mkali kwa watoto.

Katika kampuni aliyodumu nayo kulikuwa na utaratibu. Ukuta ukifika juu, fundi wa pili huja na timazi yake kuupima, kisha huwekewa miti ya kuuegemeza mpaka mota kati ya matofali ikauke. Kwa Timazi, fundi wa pili alipima miaka miwili bila kukuta kosa. Mwaka wa tatu akawa anapima huku anacheka. Wa nne mtu mmoja akamkebehi, "Unampima Timazi? Si uipime hiyo timazi yenyewe kama iko sawa!" Basi ikaishia hapo. Kumpima ikawa ni kumtukana. Baadaye hata miti ikaachwa. "Ukuta wa Timazi," msimamizi alipenda kusema, "haushikwi mkono kama mtoto anayejifunza kutembea."

Msimamizi huyo alikuwa mtu wa maneno matamu na shati safi. Wageni walipokuja, alimwita Timazi, akamsimamisha mbele ya ukuta wa mtu mwingine, akamwuliza uko vipi. Timazi alikodoa, akataja kosa, uzi ukaletwa, watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe hakushika tena timazi mbele ya watu. Fundi wa jina hilo kuonekana na uzi mkononi angeulizwa anaumwa nini.

Alipofika miaka arobaini na tisa, jicho la kushoto likaanza kuona mambo kama kupitia kioo cha jikoni chenye mvuke. Alilifikicha. Alinunua matone dukani. Ule mvuke ukabaki palepale. Hakumwambia mkewe, wala daktari. Alinunua timazi ndogo ya shaba, akaificha ndani ya kopo lake la chakula, chini ya kitambaa.

Tangu siku hiyo, saa ya chakula wenzake walipokwenda kula kivulini nyuma ya stoo, Timazi alibaki na ukuta wake. Walidhani anauaga, na hilo nalo wakamsifia. "Anaongea nao," walisema. Kumbe alikuwa anauning'inizia uzi haraka haraka kama mwizi, anasahihisha pale mota ilipokuwa bado mbichi, kisha anafunga kopo.

Mtu mmoja tu alijua. Huyo ndiye aliyemlindia zamu.

Mtu huyo aliitwa Mkorogaji, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, kumchanganyia Timazi saruji, mchanga na maji. Alikuwa mfupi, mpole, mikono imekatikakatika kwa saruji. Alichukua mota kiganjani, akaifinya, akafungua ngumi. Ikibaki na alama za vidole bila kuvuja wala kumeguka, iko tayari. Ikimeguka, anaongeza maji, kikombe kimoja, anarudia. Hakuwahi kuharakishwa akakubali. Lakini mota nzuri haionekani. Jengo likipendeza wanasifiwa aliyelichora na aliyejenga. Hakuna mgeni aliyewahi kuletwa kutazama karai la mota, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu, Timazi akiwemo, aliyewahi kumwambia Mkorogaji kwamba kazi yake ni nzuri. Timazi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapokea tu. Kutoa hakukumjia akilini.

"Fanya upesi, mganga," Mkorogaji alikuwa akimwambia, amekaa juu ya ndoo kwenye kona, anaangalia njia. "Wateja wako watashiba sasa hivi."

"Wewe linda, acha kupiga domo."

"Nikikohoa usiniulize nimekunywa maji gani ya baridi."

Ndivyo walivyoishi miaka miwili, na katika miaka hiyo hapana ukuta ulioinama.

Kisha wakapewa ghala. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa mrefu, kimo cha watu watatu, usio na mlango wala dirisha. Siku ulipofika juu, Mkorogaji alitumwa machimboni kuchagua mchanga. Saa ya chakula wenzake wakaondoka. Timazi akafungua kopo, akaweka mkono chini ya kitambaa, na hapohapo akasikia sauti ya msimamizi nyuma yake.

"Huyu hapa! Niliwaambia, yeye hali mpaka ukuta wake ushibe."

Alikuwa na mwenye ghala na wageni wanne waliovaa kofia mpya za ujenzi. Timazi akafunga kopo.

"Haya, mzee wa kazi," msimamizi akasema. "Waambie wageni. Umesimama haujasimama?"

Alitazama. Jua lilikuwa usoni mwake. Jicho la kulia liliona ukuta, la kushoto liliona mvuke, na yote mawili kwa pamoja hayakumpa jibu. Angeweza kusema, "Hebu tuupime." Maneno mawili. Aliyaona kabisa, yamekaa mdomoni, na akaona pia nyuso za wageni zikisubiri kushangaa.

"Umesimama," alisema.

Walipiga makofi. Mama mmoja mgeni alimshika mkono akasema dunia ingekuwa na watu kumi kama yeye ingenyooka. Wakamchukua wakapige naye picha upande wa mbele. Waliporudi, watu walikuwa wameshakula, kazi imeanza. Alijiambia atapima kesho. Kesho mota ilikuwa imeshaanza kushika, na kupima ukuta usiorekebishika ni kutafuta habari ambayo mtu haitaki. Hakupima. Miti haikuwekwa. Mkorogaji alirudi na mchanga wake, hakuuliza. Alijua ndugu yake hupima.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, ulivuma upepo. Haukuwa upepo wa kutisha, ni ule wa kuangusha nguo kwenye kamba. Ukuta ukaenda wote kwa pamoja, bila haraka, kama mtu anayelala.

Chini yake alikuwa Mama wa Maji, mwanamke aliyewaletea ndoo za kuchanganyia. Timazi ndiye aliyefika wa kwanza. Alichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka, huku anamwita mama wa watu kwa jina la mwanawe, na wenzake walipofika tayari alikuwa amemtoa kichwa na kifua. Waliokoa uhai. Mguu wa kulia, chini ya goti, hospitali ilishindwa kuuokoa, ukakatwa.

Mchana ule msimamizi aliwakusanya wote. Shati lake siku hiyo lilikuwa na vumbi.

"Nataka neno moja tu," alisema. "Timazi. Ule ukuta ulikuwa umesimama?"

Watu wote walimgeukia, na hakuna aliyekuwa na shaka. Walimtazama kama watu wanaongoja kuthibitishiwa kwamba jua limechomoza upande wake.

"Ulikuwa umesimama," alisema.

Halafu Mkorogaji, aliyekuwa amechuchumaa kando ya karai, akatazama mikono yake, ndani na nje.

"Basi ni mota," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Alifikia hapo mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu mwaminifu anavyofanya. Ukuta ulipimwa, kwa sababu Timazi hupima kila siku na yeye ndiye mlinzi wake. Ukuta uliopimwa hauanguki. Kilichobaki ni mota, na mota ni yake.

"Mchanga ule wa mwisho wa lundo," aliendelea, "labda ulikuwa na udongo. Labda sikuufinya vizuri. Sijui. Labda."

Msimamizi alishusha pumzi kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mkorogaji aliachishwa kazi siku hiyohiyo, na hakuna hata aliyemfokea.

Jioni, wenzake wakiwa hospitalini, Timazi alirudi kwenye kifusi. Kona moja ilikuwa imebaki, inamfika kifuani. Aliuning'iniza uzi. Pale chini tu, kifuani pake, ilikuwa imeinama kidole kizima. Juu ingekuwa vidole vitatu. Kati ya tofali na tofali mota ilikuwa ngumu. Aliigonga kwa mwiko, ikalia kama chuma.

Alikaa na jambo hilo miezi saba. Sifa hazikupungua, ziliongezeka, kwa sababu sasa kulikuwa na habari ya mikono na kucha. Kazini walimtengea kiti. Mtaani watu wasiomjua walimsimamisha kumpa mkono. Alikuwa akienda nyumbani kwa njia fupi, macho chini.

Mkewe, mshonaji, alimtazama juu ya cherehani siku moja. "Nimekutana na shemeji sokoni. Mke wa Mkorogaji."

"Hajambo?"

"Yeye hajambo. Mumewe ndiye si mtu tena. Anafunga mlango, anarudi kuuangalia kama kaufunga, anarudi tena. Ameitiwa kazi mara mbili, anakataa. Anasema, 'Mimi huua watu.' Uji wa mtoto haukorogi, anamwambia mkewe aukoroge yeye, eti mikono yake haina kipimo." Akakata uzi kwa meno. "Wewe ni rafiki yake. Kwa nini huendi?"

"Nitakwenda."

"Tangu lini unasema hivyo?"

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mabati ya msimamizi, mbele ya mafundi watatu waliokuwa wakisubiri vifaa, akasema yote. Jicho, kopo, wageni, kona iliyobaki. Alisema wazi, "Ukuta ule niliujenga umeinama, sikuupima, na nikadanganya. Mkorogaji hana kosa. Mrudishe."

Mafundi walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa polepole, macho yamelowa.

"Mnamwona huyu mtu?" akawaambia wenzake. "Anajitwisha zigo la rafiki yake. Leo hii nani anafanya hivyo?"

"Sijitwishi kitu! Ni langu."

"Moyo wako mzuri mno, kaka," msimamizi akasema, akiinuka. "Ndio unaokusumbua. Haya, nyie tokeni, mwacheni apumzike."

Walipotoka alifunga mlango, na sauti ikabadilika.

"Umesema una ubovu wa jicho tangu lini?"

"Miaka miwili na zaidi."

"Katika miaka hiyo umejenga zahanati. Umejenga madarasa sita. Umejenga nyumba za watu, wamelala humo sasa hivi na watoto."

"Hizo nilipima."

"Unajua wewe. Mimi nitawaambiaje? Kwamba mtu niliyewasimamishia kama maonyesho alikuwa kipofu na nilizuia asipimwe?" Akashika kitasa cha mlango. "Wewe hukusema kitu hapa. Ulikuja na huzuni, nikakufariji. Na ukirudia nje, umeona mwenyewe watakavyokusikia. Wewe ni Timazi. Watakupenda zaidi, basi."

Alikuwa anasema kweli. Kufikia mchana habari ilikuwa imezunguka eneo lote la kazi, na watu walikuja mmoja mmoja kumpiga begani.

Alitoka kabla ya saa ya kutoka, akaenda kwa Mkorogaji. Alimkuta uani, kwenye kigoda, mikono imelala magotini kama vitu vilivyowekwa hapo na mtu mwingine. Mkewe alikuwa anaanika nguo.

"Karibu, ndugu yangu," Mkorogaji alisema, akataka kusimama.

"Kaa. Nimekuja kukwambia jambo. Ule ukuta sikuupima."

Nguo ikabaki mkononi mwa yule mama.

"Wewe hupima," Mkorogaji alisema.

"Siku ile sikupima. Ulikuwa machimboni. Wakaja wageni. Nikaona aibu."

"Ulisema umesimama."

"Nilisema."

"Mbele yangu."

"Mbele yako."

Mkorogaji alifungua kiganja, akakifunga, akakifungua, akitazama kama atakuta alama za vidole.

"Mota yako ilikuwa nzuri," Timazi alisema, na sasa maneno yakamtoka kwa haraka. "Niliigonga, ilikuwa chuma. Miaka ishirini na miwili yote, sijaona mkono kama wako. Kuta zangu zilisimama kwa ajili yako. Ilinipasa nikwambie siku nyingi."

"Usinisifu."

"Ni kweli, Wallahi."

"Najua ni kweli. Sasa hivi najua. Ungeniambia mara moja tu, siku yoyote ya kawaida, tunakula," alisema bila kupandisha sauti, "siku ile ningekataa. Ningesema hapana, mota yangu naijua. Nilikuwa sijui. Sikuwa na mtu wa kuniambia." Akakifunga kiganja. "Msimamizi umemwambia?"

"Nimemwambia. Wote nimewaambia. Hawataki kusikia. Wanasema nakutetea."

"Kwa hiyo kwa watu mimi ni yuleyule."

Timazi akaitikia kwa kichwa.

"Nilikwenda kumpigia magoti Mama wa Maji," Mkorogaji alisema. "Nilipiga magoti kitandani pake hospitalini, mbele ya wanawe, nikamwomba msamaha kwa mguu wake. Hakunipa. Alikuwa na haki. Nenda ukapige wewe."

"Nitakwenda kesho."

"Nenda sasa," alisema mkewe, na huo ndio uliokuwa mwisho wa ushemeji wao.

Mama wa Maji alikuwa anaishi chumba cha mwisho katika nyumba ya vyumba vinane, uso kwa uso, na uwanja mmoja katikati. Alikuwa amekaa mlangoni, magongo yameegemezwa ukutani, anachambua mchele. Alipomwona uso ukamchangamka.

"Njoni mumwone!" aliwaita majirani. "Huyu ndiye aliyenitoa. Kwa mikono yake! Karibu, baba, Mungu akuweke. Mleteeni kiti."

Milango ilifunguka. Mtu akaleta kiti, na mtu mwingine akasema, "Si Timazi huyo?" Timazi hakukaa. Alipiga magoti kwenye saruji ya uwanja, wanawake wakaguna kwa unyenyekevu wake, naye akasema. Safari hii hakuanza na jicho, wala na wageni.

"Mota ilikuwa nzuri. Ukuta niliujenga mimi, uliinama vidole vitatu. Sikuupima kwa sababu nilitaka kusifiwa. Halafu nikadanganya, mwenzangu akafukuzwa. Mguu wako nimeuvunja mimi."

"Ah, moyo gani huu," jirani mmoja akaanza, "mtu anabeba hata—"

"Nyamaza," Mama wa Maji alisema.

Aliweka ungo chini. Alimtazama, hakuwa na haraka. Alitazama kucha mbili zilizoota zimepinda, akarudi usoni. Ule uchangamfu ulimtoka kidogo kidogo, mpaka ukabaki uso ambao Timazi hakuwahi kutazamwa nao tangu nyumbani kwa baba yake.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Sauti. Wa mwisho kule hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, neno kwa neno, na jina la Mkorogaji akalitaja mara mbili. Mpaka vyumba vya barabarani walisikia. Mtu aliyeleta kiti alikuja akakichukua, akarudi nacho ndani. Hakuna aliyesema tena habari za moyo wake.

"Tena," alisema Mama wa Maji, akanyoosha mkono kuvuta magongo yake, asimame amsikie vizuri.